Mipira Iliyopita Nyuma ya Namba Tano

Babati nzima ilimjua kwa namba ya jezi yake. Buchani alikofanya kazi, wateja walitaka wapimiwe na namba tano, si na mwingine. Kanisani, mzee wa kanisa alipowaombea wagonjwa alimtaja hivyo hivyo, na hakuna aliyecheka. Hata mke wake alisema "namba tano hajarudi" kana kwamba ndilo jina alilobatizwa. Mimi nilivaa namba nne. Tulicheza pamoja katikati ya ulinzi, yeye mbele kidogo, mimi hatua chache nyuma yake, tangu tukiwa vijana mpaka magoti yalipotukataa. Nje ya uwanja hakuna aliyeniita namba nne. Waliniita yule mwenzake.

Naandika baada ya kumzika. Nilimpenda na nilimwonea wivu, na kifo chake hakijaondoa hata kimoja kati ya hivyo viwili. Kuna kitu kimoja tu nilichokitaka kutoka kwa mji huu, na nakisema mapema ili msomaji asihangaike kukitafuta. Nilitaka mtu aseme, kwa sauti, kwamba mipira iliyopita nyuma ya namba tano kuna mtu aliyeikaba, na mtu huyo ni mimi.

Kazi yake uwanjani ilionekana na kila mtu, hata aliyekuwa anapita barabarani na mzigo kichwani. Mshambuliaji akipokea mpira huku mgongo wake ukiwa upande wa goli letu, namba tano alikuwa ameshafika. Lile lilikuwa bega lililozoea kubeba paja la ng'ombe kutoka kwenye gari hadi kwenye kulabu. Likikutana na mbavu za kijana, ulisikia mlio kama wa gunia linaposhushwa. Watu walisimama. Mara nyingi refa hakupuliza filimbi, kwa sababu bega lilikuwa halali, na kijana akishainuka alianza kutafuta sehemu nyingine ya uwanja ya kuchezea.

Lakini akishamfuata mtu, namba tano hakuwa na habari na kitu kingine chochote. Timu zenye akili zilimtoa kwa makusudi. Mshambuliaji mmoja anashuka kupokea, namba tano anamfuata kama mtu aliyeitwa, na mpira unapigwa juu ya kichwa chake, kwenye nafasi aliyoiacha. Winga anaukimbilia. Kazi yangu ilianza hapo, wakati macho ya watu yalikuwa bado kwa yule aliyelala chini.

Mipira ile niliijua kwa sababu ya mbaazi. Nilimaliza darasa la saba nikaenda kupepeta kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja, na sijawahi kufanya kazi nyingine. Msimu wa mbaazi una upepo wa mchana unaoshuka kutoka upande wa mlima Kwaraa. Hauji wote kwa mara moja. Unavuta, unatulia, unavuta tena, na mpepetaji asiyeungoja anamwaga mbaazi pamoja na makapi. Uwanja wetu ulikuwa wazi upande huo. Mpira mrefu ukipigwa wakati upepo unavuta ulikuwa unasitasita hewani, kisha unashuka mapema kuliko winga alivyotegemea. Mimi nilikuwa nimeshasimama pale utakapoangukia. Niliupokea kwa kifua, nikampa kipa au nikautoa nje, mchezo ukaendelea. Nani anamshangilia mtu aliyesimama?

Ubishi juu ya namba tano ulikuwa na makao yake, chini ya bati la fundi baiskeli karibu na stendi. Mama mmoja aliuza chai na maandazi hapo hapo, na kwa kuwa yeye na fundi hawakuwahi kukubaliana juu ya mtu huyu, wateja walikaa hata baada ya vikombe kuisha. Mama wa chai alikuwa shabiki wa kufa na kupona. Jumapili alifunga biashara akaja uwanjani na kigoda chake. Fundi yeye alishikilia kwamba namba tano ana sifa zilizomzidi uwezo.

"Yule anakaba watu, hakabi mpira," alisema siku moja, tairi likiwa mapajani. "Umpitishie mtu, atamlaza. Umpitishie mpira peke yake, atausalimia uende."

"Magoli tuliyofungwa kupitia kwake ni mengi?" mama wa chai aliuliza.

"Siyo mengi."

"Sasa unabishana na nini, baba? Ziba pancha za watu."

"Siyo mengi kwa bahati tu."

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi hilo hilo, kikombe mkononi. Bahati yenyewe ilikuwa inakunywa chai mbele yake. Nilingoja aendelee, afikirie kidogo tu, ajiulize bahati hiyo ilisimama wapi na ilivaa namba gani. Akatia gundi kwenye pancha.

Ilikuwa miaka ile mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha. Vibao vya ofisi vilikuwa na rangi mbichi, na wageni waliokuja kwa ajili ya kazi walitafuta vyumba mpaka Nakwa. Kila mtu alitaka kuona mkoa unakuwa na vitu vyake, na timu ilikuwa kitu cha kwanza ambacho watu wa kawaida wangeweza kukishangilia. Ikatangazwa kwamba itachaguliwa kombaini ya mkoa, na kwamba wachezaji wa Babati watatazamwa kwenye uwanja wetu. Beki mmoja wa kati alikuwa ameshajulikana, kijana mrefu kutoka machimboni Simanjiro. Nafasi ya katikati ilibaki moja, na kwenye benchi la fundi hapakuzungumzwa kingine.

Fundi alisema wakimchukua namba tano watajuta, maana huko mbele watampigia mpira nyuma yake mpaka achoke mwenyewe. Mama wa chai akamtaka ataje mtu mwingine. Fundi alifikiri kwa dhati. Alitazama barabarani, akatazama stendi, macho yake yakapita juu yangu kama yanavyopita juu ya ukuta.

"Wamtafute huko Hanang," alisema.

Mama wa chai alicheka sana. Akanijazia kikombe, akaniuliza mwenzangu ameamkaje.

Majaribio yalifanyika asubuhi, kwa sababu wachaguzi walikuwa na safari ya mchana. Mtu asiye wa huku asingeona tatizo lolote. Asubuhi Babati hakuna upepo. Hewa imelala, na mpira unakwenda pale unapopigwa, mbali, moja kwa moja. Mimi nilisimama nilipozoea kusimama, na mpira wa kwanza ukanipita juu. Nilirudi nyuma zaidi. Sasa nikawa mbali na watu, na aliyenitazama aliona beki anayeogopa. Kwa upande wa namba tano asubuhi na mchana zilikuwa sawa, kwani bega halihitaji upepo. Kabla ya mapumziko nilimwona mchaguzi mmoja akimgusa mwenzake na kunyoosha kidole kwake.

Nilitaka kwenda kuwaambia warudi saa tisa. Niliyafikiria maneno yenyewe: waheshimiwa, naomba mnitazame upepo ukianza. Nikaona jinsi watakavyonitazama, nikavua viatu.

Alichukuliwa. Walimpa suti ya michezo ya bluu iliyoandikwa jina la mkoa mgongoni, na aliivaa kila siku, hata buchani, hata jua likiwa kali. Alikuja nayo ghalani kunionyesha. Akageuka, akasimama akinipa mgongo kati ya magunia.

"Soma," alisema.

Nikasoma.

"Imekaa?"

"Imekaa."

Alifurahi kama mtoto na hakuwa na ubaya wowote moyoni. Hilo lilinichoma zaidi. Angejivuna ningemchukia, jambo likaisha. Badala yake aliokota ungo wangu, akajaribu kupepeta na suti yake mpya, akajimwagia makapi, na wanawake waliokuwa wanachagua mbaazi wakamshangilia. Mimi nilikuwa nimepepeta mahali pale tangu nimalize shule na hawakuwahi kunishangilia.

Alipokuwa huko na kombaini, nilibaki na kijana aliyepewa namba tano kwa muda. Niseme ukweli, nilifurahi. Nilijua sasa watu wataona nani alikuwa anakaba. Mchezo wa kwanza ulikuwa mchana, upepo ulikuwa wangu, na tulifungwa vibaya. Mipira ile ile iliyokuwa inanifikia ikiwa mizembe sasa ilikuja mahali nisipopategemea. Nilielewa tukiwa bado uwanjani. Wapigaji wa siku zote walipiga haraka haraka, kichwa chini, kwa sababu walimwona namba tano anakuja na walitaka kuuondoa mpira miguuni kabla hajafika. Mpira wa mtu anayeogopa unasomeka. Sasa hakuna aliyewaharakisha. Walituliza mpira, wakainua kichwa, wakachagua.

Nilikwenda kwenye benchi la fundi nikijua nitasemwa, na nilikuwa tayari kusemwa. Nilikuta wanasema tumefungwa kwa sababu namba tano hayupo. Hata lawama ilikuwa yake. Sikuachiwa hata hiyo.

Yeye naye huko hakudumu. Yule kijana wa machimboni alicheza mbele kama yeye, kwa hiyo nyuma yao palikuwa uwanja mtupu, na walipigiwa mipira hapo mpaka kocha akachoka. Namba tano alirudishwa. Fundi alisherehekea kwa wiki nzima, kila mteja alielezwa. Mama wa chai aliacha kumuuzia maandazi. Alimwambia akayanunue Hanang.

Namba tano alikuja tena ghalani, safari hii bila suti. Alikaa juu ya gunia. Aliniuliza huwa najuaje mpira utaangukia wapi. Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza jambo lolote kuhusu mpira. Nilimweleza habari za upepo, nikamweleza asimtazame anayepokea, amtazame anayepiga. Alisikiliza kwa heshima. Jumapili iliyofuata alijaribu. Alisimama, alitazama, alimwacha mtu apokee mpira, na watu wakaanza kuuliza anaumwa nini. Mama wa chai alisimama juu ya kigoda chake akamuuliza kama amekuja uwanjani au amekuja kanisani. Alivumilia kidogo, kisha akamwendea mshambuliaji wao, mlio wa gunia ukasikika, na uwanja mzima ukapumua. Tulipokuwa tunatoka aliniambia, "Bwana, kila mtu abaki na kazi yake."

Nilimjibu ndiyo. Nilitaka kumwambia kwamba kazi yake ina makofi.

Hatukuongea tena juu ya hilo. Tulizeeka kwa mpira, tukaacha, tukaendelea na maisha. Alinunua kiwanja Bonga akajenga. Figo zikamkamata, akapungua mpaka bega lile likawa kama langu, na nilikwenda kumtazama mara kwa mara, tukakaa kimya, kwa kuwa mimi si msemaji na yeye alikuwa amechoka. Alifariki msimu wa mbaazi.

Watu waliokuja Bonga walijaza turubai na kubaki nje mpaka barabarani. Nilikaa nyuma nikawatazama wanavyozidi kuja. Kulikuwa na watu wa Sigino waliokuja kwa miguu, madereva wa malori, mabeki wa timu tulizocheza nazo, hata mshambuliaji mmoja anayechechemea mpaka leo kwa ajili yake na aliyekuwa analia kweli. Nilikuwa na majonzi, sikuwa naigiza. Pia nilikuwa nawatazama wale watu na kujiuliza siku yangu watakuja wangapi. Vyote viwili vilikaa kifuani kwa pamoja.

Mwili ukiwa bado ndani, ubishi ulianza. Fundi hakuwa na nia mbaya, ndivyo alivyojua kumkumbuka. Alianza kwa sauti ya chini kwamba Mungu amrehemu, hakuna aliyepiga bega kama lile, ila kukaba mpira wa nyuma, hapana. Mama wa chai alikuwa anapita na sinia la vikombe, akamwambia msibani huzikwa mtu, haizibwi pancha. Wengine wakaingia, sauti zikapanda.

Mjane alituma mtu aniite. Nilimkuta uani kwenye kiti, wanawake wamemzunguka. Nilimpa pole. Akaniambia nisogee.

"Shemeji, wewe ndiye unasema kwa niaba ya timu?"

Nilimwambia ndiyo, wamenipa dakika mbili.

"Mimi sikuwahi kufika uwanjani hata siku moja. Alipokuwa kitandani aliniuliza, wanasema sikujua kukaba? Nikamwambia alale. Na sasa nawasikia hao huko nje. Sema kweli. Nataka nijue namzika nani."

Nilimwahidi. Nilitakiwa kuondoka hapo. Lakini nilikuwa nimeshikilia swali langu kwa miaka mingi, na likatoka.

"Shemeji, aliwahi kunitaja? Kwa habari ya mpira?"

Alifikiri. Niliona anatafuta kwa bidii, maana ni mwanamke mwema na alitaka kunipa kitu.

"Alisema una mdomo mzito," alisema. Akatafuta tena. "Basi."

Kaburini, baada ya salamu za kanisa na za wauza nyama, mwenye kipaza sauti aliita timu. Kwetu mtu aliyekufa hasemwi ila kwa mema, na kila aliyenitangulia alikuwa amefuata hivyo. Kipaza sauti kilikuwa na joto la mikono ya wengine. Upepo ulikuwa umeanza, turubai lilikuwa linapigapiga.

"Marehemu alikuwa hakabi mpira wa nyuma," nilisema. "Nilikuwa nakaba mimi."

Mchungaji alinitazama. Mwenye kipaza sauti alinyoosha mkono akipokee, nikakihamishia mkono wa pili.

"Lakini waliokuwa wanaipiga ile mipira walipiga kwa kumwogopa yeye, ndiyo maana ilikabika. Alipokuwa hayupo nilijaribu peke yangu. Sikuweza."

Nilirudisha kipaza sauti. Nilipopita karibu na mjane aliinamisha kichwa kidogo, nikajua amesikia. Kwaya ikaimba.

Baada ya kuanua matanga nilikwenda stendi. Nilikuwa nimelala kwa raha, nadhani, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nilikaa kwenye benchi, na mama wa chai akanitazama kana kwamba nimetoka safari.

"Kumbe alikuwa anakaba huyu," alimwambia fundi.

Fundi aliacha kazi. Alinitazama kwa makini, kuanzia viatuni. Niliona ubishi unamjia usoni, mpya kabisa.

"Kama alikuwa anakaba kiasi hicho, mbona mkoa hawakumchukua?" alisema. "Na wewe mwenyewe umemsikia. Alipoachwa peke yake walimpita. Sifa za bure hizi."

Mama wa chai akasema mtu anayesema ukweli mbele ya kaburi si wa kutukanwa. Fundi akasema ukweli wake ndio unaomwumbua. Wakaendelea hivyo, wakinijadili kama sipo, na moyo wangu ulipiga mbio kama wa mtu aliyeitwa kombaini. Ningeweza kujieleza. Habari ya asubuhi isiyo na upepo nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nani angenishuhudia? Aliyekuwa karibu nami kuliko wote uwanjani, hatua chache tu mbele yangu, alikuwa amezikwa Bonga, na hata alipokuwa hai alitazama mbele.

Sikufika mbali na mawazo hayo, kwa sababu ubishi wenyewe haukukaa kwangu. Mteja mmoja alitaja mchezo fulani wa zamani, fundi akaukumbuka, na mara wakawa wanaeleza jinsi namba tano alivyompiga bega winga mmoja mpaka akaangukia mtaroni pembeni ya uwanja. Mama wa chai alikuwa anapangusa machozi kwa kanga huku akicheka.

"Hakuangukia mtaroni," nilisema.

Wakageuka. Hawakuzoea sauti yangu.

"Aliuruka mtaro wenyewe, akaangukia ng'ambo, kwenye mahindi ya watu. Nilikuwepo."

Fundi alipiga goti lake kwa kiganja. Akataka nieleze tena, nikaeleza tena, na kila aliyeingia chini ya bati asubuhi ile alielezwa na mimi. Walimsifu upya, kuliko walivyomsifu msibani. Nami niliwaeleza yote bila kupunguza, na wivu ukiwa palepale.